Akii-Bua: polisi wa Kampala aliyeupanga mwaka kwa sekunde

Januari ni mwezi wa daftari jipya. Mwenye duka wa Kikuubo anaandika safari ngapi atafanya Nairobi kabla ya Pasaka, mama wa nafaka pale Busia anapiga hesabu ya magunia, na dereva wa lori la Mutukula anajiahidi kwamba mwaka huu hatalala tena forodhani siku tatu kwa sababu ya karatasi moja. Siku hizi Kampala ina kundi jingine lenye daftari: wakimbiaji. Alfajiri utawakuta wakipanda Kololo na kushuka Naguru, wengine wembamba, wengine na vitambi vyao, kila mmoja na namba yake kichwani. Huyu anataka kumaliza kilomita 10 bila kutembea. Yule anataka kilomita 21 kabla ya marathoni ya Novemba.

Jiji hili liliwahi kuwa na askari polisi aliyejiwekea namba ngumu kuliko hizo zote, akaifikia, kisha akajifunza kwamba mwaka una wenyewe wengine. Jina lake John Akii-Bua. Vijana wengi wanaopita Nakasero wanalijua kama jina la barabara tu.

Alizaliwa Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake 8 na watoto 43. Katika nyumba kama hiyo mtoto hajifunzi kukimbia kwa kufundishwa. Ng'ombe wanataka kuchungwa, maji yanataka kuchotwa, na chakula hakimsubiri anayechelewa. Michezo nayo ilikuwa ya ukoo: kaka yake, Lawrence Ogwang, aliruka chini na kuruka hatua tatu katika Olimpiki ya 1956 kule Melbourne, miaka sita kabla Uganda haijapata uhuru. Shule haikumweka John muda mrefu. Aliiacha akiwa kijana mdogo, akajiunga na polisi, na polisi wakamleta Kampala.

Msomaji wa leo huenda akashangaa kwa nini polisi. Katika Uganda ya miaka ya 1960, kama ilivyokuwa Kenya na Tanganyika, majeshi na polisi ndiyo yaliyokuwa klabu za riadha. Huko ndiko mtu alikopata viatu, chakula cha uhakika, saa za kufanya mazoezi na mshahara mwisho wa mwezi. Huko ndiko Akii-Bua alikomkuta Jorem Ochana, afisa wa polisi aliyekuwa ameiwakilisha Uganda katika kuruka viunzi kwenye Olimpiki za 1960 na 1964. Kijana alianza na viunzi vya mbio fupi, mita 110. Alitaka kwenda Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, hakufuzu.

Mwaka huohuo wa 1968 alifika Kampala kocha Mwingereza aitwaye Malcolm Arnold, aliyeajiriwa kufundisha timu ya taifa ya riadha. Alikuwa bado kijana, hana jina. Baadaye dunia ingemjua kama mwalimu wa Colin Jackson, lakini hilo lilikuwa mbali. Arnold alimtazama Akii-Bua akaona kitu kimoja: mtu huyu ana kasi, lakini ana pumzi pia, na viunzi vya mita 110 vinaitumia kasi na kuitupa pumzi. Akamhamishia kwenye mita 400.

Kwa asiyeijua, mbio hiyo ni mzunguko mmoja kamili wa uwanja wenye viunzi 10 njiani, kila kimoja na urefu wa sentimita 91.4. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, baina ya viunzi ni mita 35, na baada ya kile cha mwisho zinabaki mita 40 za kufa au kupona. Wanariadha wenyewe huiogopa. Ukitoka kwa kasi kubwa mno, kiunzi cha nane kinakuwa ukuta. Ukijibana, wenzako wamekwenda.

Mwaka 1970 Akii-Bua alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alimaliza wa nne, kwa muda wa zaidi kidogo ya sekunde 51, bila medali. Mganda aliyepata medali katika mbio hiyo alikuwa William Koskei, na hapa watu wa mipakani watatabasamu, kwa kuwa Koskei alikuwa mtu wa pande zote mbili: siku ile aliivalia Uganda jezi akatwaa fedha, na miaka michache baadaye alikuwa akikimbia kwa jina la Kenya. Siku hizo mtu alivuka na miguu yake, na vyama vya michezo vikamfuata kwa barua.

Mtu aliyemaliza wa nne ana njia mbili za kupanga mwaka unaofuata. Anaweza kujiambia kwamba safari hii atakuwa wa tatu. Hilo ndilo lengo ambalo wengi wetu tungeliandika, nalo si baya. Akii-Bua na Arnold waliacha kuhesabu nafasi, wakashika saa. Nafasi inategemea nani mwingine amekuja. Saa haimjui mtu. Mwaka 1971, katika mashindano ya Waafrika na Wamarekani kule Durham, North Carolina, polisi huyu alikimbia sekunde 49.0, muda ambao hakuna mtu mwingine duniani aliufikia mwaka ule. Kutoka 51 hadi 49 katika msimu mmoja. Kwa mbio ya aina hii ni hatua ya kutisha.

Ikabaki namba moja mbele yao. Rekodi ya dunia ilikuwa ya Mwingereza David Hemery, sekunde 48.12, aliyoiweka Mexico 1968, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200 ambako hewa ni nyepesi na mbio fupi huwa za kasi. Hemery alikuwa bado yupo, na alikuwa anakwenda kuitetea dhahabu yake Munich mwaka 1972. Kwa hiyo lengo la mwaka lilijiandika lenyewe: kutoka 49.0 hadi chini ya 48.12, katika uwanja wa kawaida, mbele ya mwenye rekodi.

Hebu tuichukue hesabu hiyo kama tunavyochukua bei ya mzigo. Sekunde moja, ukiona imeandikwa, ni kitu kidogo. Kwa mtu ambaye tayari ndiye mwenye kasi kuliko wote mwaka ule, sekunde moja ni mlima. Ila ukiigawa kwa viunzi 10, inakuwa sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila kiunzi. Hapo sasa kuna kitu cha kushika. Unaweza kuuliza: kwenye kiunzi cha tatu, ninapotezea wapi hiyo sehemu ya kumi? Ninaruka juu mno? Ninafupisha hatua kabla ya kuruka? Mguu wa nyuma unachelewa kutua?

Swali la hatua ndilo lililowashughulisha sana. Baina ya kiunzi na kiunzi mkimbiaji hupiga idadi kamili ya hatua, na anapochoka lazima aiongeze. Aliyezoea kuruka kwa mguu mmoja tu anaweza kutoka hatua 13 kwenda 15, kwa sababu 14 zitamfikisha kiunzini kwa mguu asiouweza. Kuruka kutoka 13 hadi 15 ni kama gari kubadili gia mbili kwa mpigo. Injini inalia na mwendo unapotea. Akii-Bua aliweza kuruka kwa mguu wowote, kulia au kushoto. Basi alianza na 13, akichoka akaingia 14, na mwishoni 15. Pale ambapo wengine walianguka ngazi mbili, yeye alishuka moja moja.

Kisha yakaja mazoezi, na mazoezi yale bado yanasimuliwa na makocha. Alivaa fulana iliyotiwa vipande vya madini ya risasi, uzito wa kilo 11 hivi. Viunzi vyake havikuwa vile vya mita 400. Viliwekwa vya mita 110, vyenye sentimita 106.7, yaani zaidi ya vile vya mashindano kwa upana wa kiganja na zaidi. Na hakukimbia mzunguko mmoja. Alikimbia mingi mfululizo, akaipumzikia kidogo, akarudia. Alifanya hayo akiwa bado askari mwenye zamu, katika jiji lisilokuwa na uwanja wa kisasa wa riadha kama ile aliyokwenda kuikuta Ulaya. Mantiki ya Arnold ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kuishi: siku ya mbio, mwili ukivuliwa fulana na viunzi vikishushwa, mita 400 zitajiona fupi.

Mimi nina shaka na mipango ya mwaka mpya inayoandikwa kwa matumaini matupu, na nadhani hapa ndipo tofauti ilipo. Ukiisoma ratiba ya Akii-Bua ya 1972 hukutani na neno la matumaini. Ina uzito, urefu, idadi na siku. Mtu anayetaka kukimbia kilomita 21 Novemba hii hana haja ya kuvaa risasi, na daktari yeyote atamkataza. Lakini anaweza kuiga ule mgawanyo: umbali gani kwa wiki, mlima gani siku gani, na kwa mwendo gani wa kila kilomita.

Wakati polisi huyu akihesabu sehemu za sekunde, nchi yake ilikuwa inahesabu mambo mengine. Idi Amin alikuwa amechukua madaraka Januari 1971, na katika miezi iliyofuata askari wengi wa Kilango na Kiacholi waliuawa kambini. Akii-Bua alikuwa Mlango mwenye sare ya serikali. Agosti 1972 Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Wazee wa biashara wa Kampala, Jinja na Mbale hawajasahau miezi ile: maduka yaliyofungwa usiku, bidhaa zilizopotea, bei zilizopanda, foleni za mizigo kuelekea Mombasa. Katikati ya siku hizo 90 ndipo timu ya Uganda ilipokuwa Ujerumani.

Fainali ilikimbiwa tarehe 2 Septemba 1972. Kura ilimpa Akii-Bua njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Wakimbiaji wa mita 400 huichukia, kwa kuwa kona zake ni kali kuliko zote, na mtu mrefu mwenye hatua ndefu hulazimika kuuinamisha mwili wakati huohuo anaporuka. Lina jambo moja zuri tu: uliyeko ndani unawaona wote walio mbele yako, nao hawakuoni.

Hemery alitoka kama mtu anayefukuzwa. Nusu ya kwanza ya mbio ilikuwa yake. Mganda hakumfuata kwa pupa. Alizishika hatua zake 13. Katika kona ya mwisho, pale ambapo njia ya kwanza ingepaswa kumwadhibu, ndipo alipoanza kuwala wenzake mmoja baada ya mwingine, na walipoingia mstari ulionyooka alikuwa mbele na anazidi kwenda. Saa ilisema 47.82. Mmarekani Ralph Mann alikuwa wa pili kwa 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hiyo chini ya sekunde 48. Hakuna Mganda aliyekuwa amewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki.

Naye hakusimama. Aliendelea kukimbia kuzunguka uwanja akiwa na bendera, akiruka kana kwamba viunzi havijaisha, huku watazamaji wakimshangilia mtu ambaye saa moja kabla wengi wao hawakuweza kulitamka jina lake.

Kampala ilimpokea kama mfalme. Amin alimpandisha cheo na kumpa nyumba. Sidhani kwamba ilikuwa zawadi ya bure. Serikali iliyokuwa inalaumiwa kwa kuwaua Walango ilikuwa imepata Mlango wa kuonyesha wageni. Kila aliposifiwa hadharani, sifa ile ilikuwa na kazi mbili, na yeye mwenyewe hakuwa na nafasi ya kukataa moja na kuchukua nyingine. Ruhusa ya kusafiri nje, fedha za mashindano, hata usalama wake, vyote vilipita katika mkono uleule.

Alikimbia bado. Januari 1973, kwenye Michezo ya Afrika kule Lagos, alishinda dhahabu kwa 48.54. Halafu mashindano ya nje yakawa haba. Mwanariadha wa mbio hii anahitaji kupimwa na wenzake, kama vile mwenye bidhaa anavyohitaji soko, naye soko lake lilikuwa linafungwa polepole. Lengo lililobaki lilikuwa Montreal 1976. Marekani alikuwa ametokea kijana mpya, Edwin Moses, na dunia ya riadha ilikuwa inaungoja mpambano wa hao wawili.

Julai 1976 ndio mwezi ambao mtu wa mpakani anapaswa kuukumbuka. Februari ya mwaka ule Amin alikuwa amedai sehemu kubwa ya ardhi ya Kenya. Julai 4 makomando wa Israeli walivamia Entebbe, na uhusiano wa Kampala na Nairobi ukaharibika kiasi kwamba mafuta ya kwenda Uganda yakawa shida kupita. Madereva wakaketi Malaba. Wiki mbili baadaye, Canada, nchi za Afrika zaidi ya 20 zikasusia Olimpiki kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi, na kamati ya Olimpiki ikakataa kuifukuza. Uganda ilikuwa miongoni mwao, pamoja na Kenya na Tanzania. Sababu ya mgomo ilikuwa ya haki, na watu waliolala gerezani Robben Island waliustahili. Lakini gharama yake ililipwa na watu fulani wenye majina, nao hawakuulizwa. Tarehe 25 Julai Moses alishinda dhahabu kwa 47.64, na rekodi ya Akii-Bua ikaondoka bila mwenyewe kuwapo uwanjani. Alikuwa na miaka 26.

Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ikavunjika. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala. Akii-Bua, afisa wa polisi aliyesifiwa na Amin, aliogopa kwamba atahesabiwa mtu wa Amin, ijapokuwa kabila lake ndilo lililoonewa. Akavuka na familia yake kuingia Kenya, katika mikono ya wakimbizi, na bingwa wa Olimpiki akawekwa kambini kama mtu mwingine yeyote asiye na karatasi. Waliomtoa huko ni Puma, kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikimpa viatu. Ilimpeleka Ujerumani ikampa kazi, akaishi huko miaka mitatu au minne.

Mwaka 1980 alikwenda Moscow na kuikimbilia Uganda tena. Alikuwa na miaka 30, na miaka yake ya nguvu ilikuwa imekwisha njiani. Hakufika fainali. Lakini nadhani kujitokeza kwake tu, baada ya kambi na baada ya miaka bila mashindano ya maana, ni jambo ambalo wanaoandika habari zake hulipita haraka mno.

Alirudi Uganda miaka ya 1980, akarudi polisi, akafundisha vijana. Wengi waliomjua wakati huo walimkuta mtu wa kawaida mwenye watoto wengi na mshahara wa serikali. Mkewe alimtangulia kufa. Yeye alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47, akaacha watoto 11, na serikali ikamzika kwa heshima za kitaifa. Aliacha pia maandishi ya maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, ambayo yalitumika baadaye katika filamu ya BBC ya mwaka 2008.

Uganda ilingoja miaka 40 kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki. Ililetwa mwaka 2012 kutoka London na Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni, mtu wa Kapchorwa ambaye mazoezi yake aliyafanya upande wa Kenya, Eldoret, bila mtu kumuuliza kwa nini amevuka. Rekodi ya dunia ya mita 400 kuruka viunzi nayo imekwenda mbali: Karsten Warholm wa Norway aliishusha hadi 45.94 kule Tokyo mwaka 2021, juu ya uwanja na viatu ambavyo Akii-Bua hakuviota. Rekodi ya Uganda haijasogea. Bado ni 47.82.